Umeme Hauishii Kwenye Taa: Kusaka Athi Mbovu Kwenye Pikapu

Alfajiri natoka Mwika na ndizi, taa zinawaka, mshale wa joto unapanda upana wa kidole juu ya pale ulipozoea kukaa. Kukipambazuka karibu na Himo nazima taa, mshale unashuka palepale, kama vile injini imepoa kwa sekunde mbili. Injini ya dizeli iliyobeba mzigo haipoi kwa sekunde mbili. Hilo peke yake lilitosha kunifumbua macho, lakini sikufumbuka. Zilikatika wiki saba, ikaingia thermostati mpya (kidude kinachodhibiti joto la maji ya injini), ikaingia betri mpya, na stata, mota inayozungusha injini wakati wa kuwasha, ikafunguliwa mara mbili kwenye gereji moja hapa Moshi kwa sababu gari lilikuwa pia linawaka kwa shida asubuhi.

Mwisho akaja kijana mmoja na kebo ya kubusti. Hakufungua kitu. Alibana ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, akasema, "Mangi, piga sasa." Stata ikazunguka kama imetoka dukani. "Athi hiyo," akasema, akaanza kukunja kebo yake.

Nilimlipa kwa furaha, nikaondoka na aibu. Fizikia nilisoma. Nilichokuwa sijaelewa ni mahali umeme unapokwenda baada ya kufika.

Tulifundishwa umeme kwa mfano wa maji, na sisi wa mlimani mfano huo tunao nje ya dirisha: mfongo. Maji yanakingwa juu kabisa, yanashuka kwa mteremko, yanaingia kihambani, shamba la nyumbani, yanaishia kwenye migomba. Mgomba ukinyauka, unafuata mfongo kwenda juu kutafuta palipoziba. Na hivyo ndivyo wengi tunavyosaka tatizo la umeme kwenye gari: taa haiwaki, tunafuata waya wa kuleta umeme, fyuzi, rilei, swichi. Lakini taa hainywi umeme kama mgomba unavyokunywa maji. Balbu ya wati 55 kwenye gari la volti 12 inapitisha karibu ampea 4.6, na hizo 4.6 zote zinatoka upande wa pili wa balbu na lazima zirudi zilikotoka. Njia ya kurudi ikibana, njia ya kwenda nayo imebana, hata kama waya wake ni mpya na fyuzi inang'aa.

Njia hiyo ya kurudi ndiyo mafundi wanaiita athi. Jina lenyewe linachanganya. Athi ya nyumbani ni ile fito iliyochimbiwa ardhini, na kazi yake ni usalama. Gari limesimama juu ya mpira, halina habari na ardhi. Watengenezaji waliona tu kwamba badala ya kuvuta waya mbili kwenda kila taa, wavute mmoja, na wa kurudi uwe chuma chenyewe cha gari. Siku hizi hasi ndiyo inayofungwa kwenye chuma. Land Rover za zamani, zile za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960, zilifunga chanya, na kwa kuwa Arusha bado wapo wazee wanaozitunza, ukiitwa kusaidia mojawapo angalia kwanza betri imekaaje kabla hujabana kebo yako.

Kwenye gari dogo la saluni chuma hicho ni kipande kimoja, kwa hiyo athi ina njia nyingi. Pikapu si hivyo. Injini imekaa juu ya raba ili isitetemeshe gari. Kebini nayo imekaa juu ya raba zake, imetenganishwa na chesisi. Bodi ya mizigo ni kipande kingine, kimefungwa kwa bolti zilizopakwa rangi na baada ya miaka kumi zimejaa kutu. Ni visiwa vinne, na raba haipitishi umeme. Kinachoviunganisha ni kebo nene kutoka hasi ya betri kwenda injini, waya mwembamba kutoka hasi hiyo hiyo kwenda kebini, na mikanda ya shaba ya kusuka, bapa kama utambi wa taa ya chemli, inayofunga injini na kebini, na kwenye magari mengine kebini na chesisi. Mkanda mmoja ukikatika, kisiwa kizima kinaanza kutafuta njia za panya.

Hapo tunarudi kwenye mshale wangu wa joto. Gari likiwa limezimwa, umeme unatoka kwenye betri na kurudi kwenye betri. Injini ikiwa inaunguruma, anayelisha gari ni alteneta, na alteneta imefungwa kwenye injini. Kwa hiyo umeme wa taa zangu kubwa ulikuwa ukitoka alteneta, unapita kwenye balbu, unaingia kwenye chuma cha mbele, halafu unatakiwa urudi kwenye injini. Mkanda wa kebini na injini haukuwepo (nitaeleza ulikokuwa). Ikabidi umeme upite kwenye ule waya mwembamba hadi hasi ya betri, kisha ushuke kwa kebo nene kwenda injini, na kebo hiyo ilikuwa imeoza ndani. Umeme ukipita mahali penye ukinzani, volti zinabaki hapo. Kwa hiyo kila nilipowasha taa, kebini nzima, pamoja na dashibodi yake, ilinyanyuka zaidi ya nusu volti juu ya injini. Sensa ya joto imechomekwa kwenye injini na inategemea chuma cha injini. Saa ya joto iko kwenye dashibodi na inategemea chuma cha kebini. Tofauti ya hivyo viwili saa iliisoma kama joto.

Kwa hiyo ukiona mshale wowote unasogea unapowasha taa, feni au wiper, acha kwanza mambo ya radieta. Umeshapewa jibu bure.

Sasa kwa nini gereji ya kwanza hawakuiona, na mita wanayo? Waliipima. Waliweka mita kwenye kipimo cha omu, yaani cha ukinzani, sindano moja kwenye hasi, nyingine kwenye injini, ikasoma 0.3. Wakagusanisha sindano zenyewe kwa zenyewe, ikasoma 0.3. Wakasema njia ni safi. Hawakudanganya, mita ndiyo haikuweza kuona. Stata ya dizeli ya pikapu inavuta ampea 200 na zaidi inapozungusha injini baridi. Ukinzani wa omu 0.01, yaani sehemu ya mia moja ya omu, ukipitisha ampea 200 unakula volti 2. Mita ya kawaida haiwezi kuonyesha 0.01. Waya zake zenyewe zina zaidi ya hapo. Kuna na jambo lingine: mita ikiwa kwenye omu inapitisha umeme kidogo sana. Kebo ya nyuzi mia iliyobaki na nyuzi tano nzima itapitisha umeme huo mdogo bila shida yoyote, kama daraja la miti linavyopitisha mbuzi. Huwezi kujua daraja hilo litafanyaje na Fuso la kokoto mpaka Fuso lipite.

Basi athi inapimwa ikiwa kazini. Weka mita kwenye volti za DC. Gia huru, breki ya mkono juu. Sindano nyeusi iguse kichwa chenyewe cha hasi cha betri, ile risasi yenyewe, usiguse kibanio kilichokizunguka. Sindano nyekundu iguse chuma kisafi cha injini, mahali pasipo rangi wala oili. Mwambie mwenzako apige stata, wewe usome. Ikiwa njia ni nzima utaona 0.2 au chini yake. Ikifika 0.5 kuna mahali pameanza kuharibika. Yangu ilisoma 2.9. Betri mpya yenye volti 12.6 ilikuwa inashuka hadi kumi na kitu inapopigwa stata, kama betri zote, halafu karibu 3 nyingine zinapotelea kwenye kebo moja. Stata ilibakiwa na saba, ikilalamika kwa haki, nasi tukaifungua mara mbili.

Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kinakupeleka mpaka mlangoni. Usihamishe sindano nyeusi. Nyekundu anza kuisogeza: kutoka chuma cha injini, rudi kwenye bolti iliyoshika kebo, rudi kwenye kile kichwa cha shaba chenye tundu mwishoni mwa kebo, rudi kwenye kebo upande wa betri, rudi kwenye kibanio. Kila hatua piga stata sekunde tatu, soma, pumzisha. Pale namba inaporuka ghafla, tatizo liko katikati ya ulipogusa sasa na ulipogusa kabla. Mimi injini ilisoma 2.9, bolti 2.9, kichwa cha shaba 2.8, na nilipochoma sindano ndani ya kebo, vidole vitatu kutoka hapo, 0.3. Nilipochana plastiki, shaba ilitoka unga wa kijani.

Kwa taa utaratibu ni uleule, ila kiwango ni kikali zaidi kwa sababu mzigo ni mdogo: taa ikiwa inawaka, kati ya mguu wake wa athi na hasi ya betri isizidi 0.1 au hapo karibu. Utahitaji kuongezea waya mrefu kufika taa za nyuma. Waya wa simu wa zamani unatosha, mita haivuti chochote. Na usidharau upungufu wa volti moja kwenye taa kubwa. Balbu ya halojeni ni ya kudeka. Volti zikipungua asilimia 10, mwanga unapungua karibu asilimia 30. Watu wananunua balbu za wati 100 kutafuta mwanga ambao athi imeula, na balbu hizo zinavuta umeme mwingi zaidi kupitia athi ileile, mpaka soketi inayeyuka.

Taa za nyuma zina kituko chao, na ni wengi wanaodhani gari limerogwa. Jamaa yangu anabeba nyanya kutoka Ngarenanyuki kwenda Arusha mjini. Akikanyaga breki mchana, taa za dashibodi zinawaka. Akiwasha taa ndogo na indiketa ya kulia kwa pamoja, taa ya nyuma ya kulia inapepesa kinyumenyume, hii ikiwaka ile inafifia. Fundi akambadilishia swichi ya taa, haikusaidia. Fungua kioo cha taa ya nyuma utaelewa. Balbu ya breki ina nyuzi mbili ndani, mmoja wa wati 21 kwa ajili ya breki, mwingine wa wati 5 kwa ajili ya taa ndogo, na zote mbili zinarudia kwenye athi moja. Athi hiyo ikikatika, umeme wa breki ukishapita kwenye uzi wa 21 unakuta mlango umefungwa. Hausimami. Unaingia kwenye uzi wa 5 kwa nyuma, unatoka kwenye waya wa taa ndogo, unautambaa waya huo hadi taa ya kushoto, taa ya namba na taa za dashibodi, na huko unakuta athi nzima. Kila balbu uliyoipitia inawaka kidogo. Breki zenyewe zinafifia, maana sasa zinagawana volti na wageni. Kwa hiyo taa mbili zikianza kusemezana bila kuagizwa, usiguse swichi. Chukua kipande cha waya, unganisha mguu wa athi wa taa ile na chuma kilichokwanguliwa cha chesisi. Zikikaa kimya, umemaliza kutafuta.

Tela linalotegemea kile kidude cha kuvutia kiwe athi yake lina ugonjwa huohuo, na dawa yake ni waya wake lenyewe.

Kuna njia moja ya panya inayotisha. Mkanda wa athi wa injini na kebo yake vikifa vyote, umeme wa stata unatafuta chochote cha chuma kinachogusa injini na kebini: kebo ya akseleta, kebo ya klachi, bomba la mafuta. Ampea mia kadhaa kwenye kebo nyembamba ya akseleta zinaipasha moto mpaka plastiki yake inayeyuka, na siku inayofuata akseleta inanata. Ukigusa kebo ya akseleta baada ya kupiga stata ukaikuta ya moto, usiendeshe gari hilo.

Ukarabati wenyewe hauna maajabu, ila unafanywa vibaya kila siku. Anza kwa kufungua hasi ya betri, na mwisho wa kazi iwe ya mwisho kufungwa. Bolti ya athi ifunguliwe kabisa, usiikaze tu juu ya kutu. Kwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, eneo pana kidogo kuliko kichwa cha shaba. Weka washa yenye meno inayouma chuma. Kaza. Ukishakaza, na si kabla, paka grisi au vaselini juu yake yote ili maji yasiingie. Nimeona watu wanapaka grisi kwanza kisha wanafunga, wakidhani grisi inapitisha umeme. Haipitishi. Kinachopitisha ni chuma kugusana na chuma, grisi ni mwavuli.

Kebo iliyooza usiiunge katikati. Kata uone: shaba ikiwa nyeusi au kijani rudi nyuma mpaka uikute nyekundu inayong'aa, na kama haifiki tena, nunua nyingine. Kwa stata ya dizeli usiende chini ya milimita za mraba 35. Vichwa vyake vibanwe kwa koleo lake maalumu, la kushika kwa mikono miwili. Kupondaponda kwa nyundo kunaacha nafasi kati ya nyuzi, na asidi ya betri inapenda nafasi.

Ule ukoko mweupe na wa bluu kwenye vichwa vya betri unaondolewa kwa magadi ya dukani, yaleyale ya kulainishia makande: kijiko kwenye kikombe cha maji ya moto, mwagia, subiri povu litulie, suuza. Vifuniko vya betri viwe vimefungwa vizuri. Tone la magadi likiingia ndani linaua asidi unayoihitaji.

Magadi hayohayo huku kwetu ni adui pia. Pikapu zinazokwenda Engaruka na Natron zinarudi na vumbi jeupe ndani ya kila soketi, na majivu ya Oldoinyo Lengai yana kaboneti ya sodiamu inayofyonza unyevu wa hewani. Vumbi jekundu la kawaida likiwa kavu halina neno. Chumvi iliyolowa ndiyo inayotafuna, hasa pale shaba inapokutana na chuma au aluminiamu. Ongeza presha ya maji ya kuoshea injini, ambayo inasukuma tope hilo mpaka chini ya bolti, na masika yakianza Machi magari yanajaa gereji. Injini ioshwe kwa kitambaa na mafuta ya taa. Presha iache kwa matairi.

Halafu wapo watu. Pikapu nyingi zilizopata athi mbovu zilipata kwa mkono wa mtu. Bodi ilipakwa rangi upya na bolti ikafungwa juu ya rangi. Keria lilichomelewa bila kufungua hasi ya betri na kibanio cha mashine kikawekwa mbali, kwa hiyo umeme wa kuchomelea ukapita kwenye mikanda, kwenye beringi, na kwenye kompyuta ya injini kama gari ni la kisasa. Mwambie mchomeleaji abane athi ya mashine yake shubiri moja kutoka anapochoma. Atanung'unika, atabana.

Mkanda wangu nao. Nilipolala chini ya gari kubadilisha kebo, niliuona ukining'inia juu ya giaboksi, mzima kabisa, haujakatika hata uzi mmoja, umefungwa pembeni kwa kamba ya katani ili usigongegonge. Mwaka uliotangulia nilibadilisha sahani ya klachi. Aliyeshusha giaboksi alifungua mkanda upite mkono wake, na wakati wa kurudisha akaona gari linawaka bila huo. Kebo ilikuwa bado nzima siku hizo, kwa hiyo hakuna kilicholalamika mpaka nayo ilipooza.

Bolti yake ilikuwa haipo. Niliinunua Mbuyuni pamoja na washa, nikakwangua, nikafunga. Nilipima tena nikiwa na taa zote, feni na wiper: kebini na injini 0.05, kupiga stata 0.2. Mshale wa joto sasa hausogei nikiwasha taa. Thermostati ya zamani ninayo bado kwenye droo, na haina kosa.